Kirusi Kinachorudi: Namna ya Kuiokoa Kompyuta na Kumbukumbu Zilizomo

Kikundi kimoja cha wanawake wajasiriamali wilayani kwetu kilifika ofisi ya kata kikiwa na kompyuta mpakato iliyokuwa haifanyi kazi ipasavyo, zikiwa zimesalia wiki mbili kabla ya kufungwa kwa dirisha la maombi ya mikopo. Ndani ya kompyuta hiyo mlikuwa na katiba ya kikundi, orodha ya wanachama, mihtasari ya vikao, na hesabu za hisa na marejesho za miaka mitatu. Kama wengi wetu tujuavyo, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi kinachoomba hutakiwa kuonyesha kumbukumbu zake. Kikundi kile kilikuwa nazo, lakini hakikuweza kuzifikia.

Kompyuta hiyo ilikuwa imekwisha kupelekwa kwa fundi mara tatu. Kila iliporudi ilifanya kazi vizuri kwa siku mbili au tatu, kisha ugonjwa ukarejea uleule. Wanachama walianza kumshuku fundi, fundi naye akaanza kuishuku kompyuta. Afisa TEHAMA wa wilaya alipoichunguza alibaini kuwa fundi alifanya kazi kwa bidii, ila alikuwa akipambana na aina ya kirusi ambacho hakiondolewi kwa njia ya kawaida. Makala haya yanaeleza kirusi hicho ni kitu gani, kwa nini hurudi, na hatua zipi hufuatwa ili kisirudi tena.

Kirusi cha mafaili ni nini

Programu nyingi hatari za siku hizi hujitegemea. Huingia kwenye kompyuta zikiwa faili moja au mawili, na mafaili hayo yakifutwa, tatizo huwa limekwisha. Kirusi cha mafaili hutenda tofauti. Chenyewe hujipachika ndani ya programu halali zilizomo kwenye kompyuta: programu ya kuandikia, ya kusikilizia muziki, ya kuendeshea printa, hata ile ya kinga-virusi. Programu hizo kwenye Windows hutambulika kwa herufi za mwisho wa majina yake, hususan EXE, na mara nyingine SCR au DLL. Mtumiaji anapofungua programu iliyoambukizwa, kirusi hutangulia kufanya kazi yake kwa kasi, kisha huiachia programu iendelee kama kawaida. Mtumiaji haoni tofauti yoyote.

Kikishaingia kwenye kumbukumbu tendaji ya kompyuta, kirusi hutafuta programu nyingine na kuziambukiza moja baada ya nyingine. Huenda pia kwenye kila flashi au diski inayochomekwa. Ndiyo maana kompyuta moja inaweza kuwa na mamia au maelfu ya mafaili yaliyoambukizwa, na likisalia moja tu, safari huanza upya.

Virusi vitatu vya aina hii vimejulikana sana duniani. Cha kwanza ni Sality, kinachofahamika tangu mwaka 2003. Hiki huambukiza mafaili ya EXE na SCR, huzima programu za kinga-virusi, huzuia tovuti za watengenezaji wa kinga, na hufuta maelezo yanayoiwezesha Windows kuwaka katika hali salama, ili fundi akose mlango wa kuingilia. Cha pili ni Virut, kilichoanza kuonekana mwaka 2006, ambacho huambukiza programu pamoja na kurasa za wavuti zilizohifadhiwa kwenye kompyuta. Mwezi Januari 2013 taasisi ya NASK ya Poland ilitwaa majina ya tovuti yaliyokuwa yakitumiwa kukiongoza. Cha tatu ni Ramnit, kilichojitokeza mwaka 2010 na kuwa mwizi wa nywila za benki. Mwezi Februari 2015 polisi wa Umoja wa Ulaya, Europol, waliratibu operesheni ya kuzima mitambo iliyokiendesha, na wakati huo ilikadiriwa kuwa kompyuta milioni 3.2 zilikuwa zimeambukizwa.

Operesheni hizo zilikata mawasiliano kati ya wahalifu na kompyuta zilizotekwa. Hata hivyo, hazikuyasafisha mafaili yaliyobaki kwenye flashi, kwenye diski za zamani na kwenye kompyuta zisizopata masasisho. Kirusi kilichoandikwa miaka mingi iliyopita bado kinaweza kusafiri kwenye mfuko wa shati la mtu.

Dalili za kuangalia

Kompyuta yenye kirusi cha aina hii huonyesha baadhi ya dalili zifuatazo:

• Programu ya kinga-virusi hujizima yenyewe, hukataa kufunguka, au hukataa kusasishwa.
• Kidirisha kinachoonyesha programu zinazoendelea kufanya kazi, kinachofunguliwa kwa kubonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, hukataa kufunguka.
• Tovuti za kawaida hufunguka, lakini zile za kampuni za kinga-virusi hazifunguki.
• Programu zilizokuwa zikifanya kazi vizuri huanza kugoma au kutoa ujumbe kuwa zimeharibika.
• Kwenye flashi hutokea faili liitwalo autorun.inf, au programu zenye majina yasiyoeleweka ambazo hakuna aliyeziweka.

Dalili moja peke yake haitoshi kuthibitisha. Kompyuta inaweza kugoma kwa sababu ya joto, uchakavu wa diski au upungufu wa nafasi. Dalili mbili au tatu zikikutana, ni busara kuacha kuitumia, kuitenga na intaneti, na kutochomeka flashi yoyote hadi ichunguzwe.

Kwa nini hurudi

Safari tatu za kompyuta ya kikundi kile zinatosha kueleza sababu tatu kuu.

Mara ya kwanza, fundi aliweka programu ya kinga-virusi kwenye kompyuta yenyewe na kuiagiza isafishe. Kirusi kilikuwa tayari kinatawala kumbukumbu ya kompyuta. Kila faili lililosafishwa liliambukizwa tena muda mfupi baadaye, na hatimaye programu ya kinga yenyewe ikaambukizwa. Ni sawa na kudeki sakafu huku bomba likiendelea kuvuja: maji yatarudi tu.

Mara ya pili, fundi alifuta sehemu ya diski iitwayo C na kuweka Windows upya, akaiacha sehemu ya D kwa kuwa humo ndimo zilimokuwa nyaraka za kikundi. Uamuzi huo ulikuwa wa huruma. Lakini ndani ya D mlikuwa pia na programu za kuwekea printa zilizohifadhiwa zamani. Alipofungua mojawapo ili kuunganisha printa, kirusi kikapata mlango.

Mara ya tatu, fundi alinakili nyaraka kwanza, akafuta diski nzima na kuanza upya. Safari hii alifanya sawasawa, na kompyuta iliondoka dukani ikiwa safi. Mhazini alipofika nyumbani alitaka kusoma waraka wa PDF, akakuta kompyuta haina programu ya kuusomea. Akachukua flashi yake ya siku nyingi kutoka kwenye droo, yenye programu hiyo, akaiweka. Flashi ile haikuwa imewahi kupelekwa kwa fundi.

Kwa hiyo mambo matatu lazima yatimie kwa pamoja: kirusi kisiwe kazini wakati wa kusafisha, pasibaki sehemu yoyote ya diski isiyoshughulikiwa, na kila flashi iliyowahi kugusa kompyuta hiyo ishughulikiwe siku hiyohiyo.

Je, inawezekana kusafisha bila kufuta?

Wakati mwingine inawezekana. Windows 10 na 11 zina uchunguzi uitwao Microsoft Defender Offline, unaopatikana ndani ya Windows Security. Kompyuta hujizima, kisha hujikagua kabla ya Windows yenyewe kuanza kazi, na shughuli hiyo huchukua takribani dakika 15. Yapo pia mazingira ya uokoaji yanayowashwa kutoka kwenye flashi, kama vile Kaspersky Rescue Disk na Dr.Web LiveDisk. Faida ya njia hizi ni kwamba kirusi huwa kimelala wakati kinatafutwa.

Hata hivyo, maambukizi yakiwa yameenea, wataalamu hushauri kufuta na kuanza upya. Sababu yake ni kwamba kirusi kinapojipachika hubadilisha mwili wa programu, na kinapoondolewa si lazima programu irejee katika hali yake ya awali. Virut ni mfano mzuri, kwa kuwa kimewahi kuharibu mafaili kiasi cha kutotibika. Aidha, virusi hivi huwa na tabia ya kualika programu nyingine hatari kupitia intaneti, na hizo zinaweza kubaki baada ya mwenyeji wao kuondoka. Programu inaweza kupatikana tena bure au kwa ununuzi. Zisizopatikana tena ni kumbukumbu za kikundi. Kwa hiyo tunaokoa nyaraka na kuziacha programu ziende.

Hatua za uokoaji

1. Itenge kompyuta. Zima Wi-Fi au chomoa waya wa mtandao. Kusanya flashi zote, kadi za kumbukumbu na diski za nje zilizowahi kuchomekwa, ukiuliza pia wanafamilia na wanachama wenzako. Ziweke pamoja kwenye bahasha moja.

2. Andaa vifaa kwenye kompyuta nyingine iliyo salama. Utahitaji flashi yenye mfumo wa Linux, kwa mfano Ubuntu, unaoweza kuwashwa bila kuwekwa kwenye diski. Flashi ya pili yenye Windows ya kuweka upya, ambayo hutengenezwa kwa zana ya bure kutoka tovuti ya Microsoft na huhitaji ukubwa usiopungua GB 8. Na diski ya nje iliyo tupu kwa ajili ya nyaraka. Flashi hizi mbili zisichomekwe kamwe kwenye kompyuta yenye kirusi wakati Windows yake inafanya kazi, kwani nazo zitaambukizwa.

3. Washa kompyuta kupitia Linux. Ukiwa kompyuta imezimwa, chomeka flashi ya Linux, kisha iwashe na kuchagua kuanzia kwenye flashi. Kitufe cha kuchagulia hutofautiana kulingana na mtengenezaji. Mara nyingi huwa F12, F9 au Esc. Virusi tulivyovitaja viliandikwa kwa ajili ya Windows, hivyo chini ya Linux haviamki. Unaweza kufungua diski na kutazama kilichomo kwa usalama.

4. Nakili nyaraka peke yake. Chukua maandishi ya Word, majedwali ya Excel, PDF, picha na sauti. Acha kila kinachoishia na EXE, SCR, DLL, BAT au MSI. Acha pia kurasa za wavuti zilizohifadhiwa, yaani HTM na HTML, pamoja na mafaili yaliyofungashwa ya ZIP na RAR ambayo hujui yaliyomo. Jihadhari na majina yenye mkia wa pili: faili liitwalo “Picha.jpg.exe” ni programu iliyojivika nguo za picha.

5. Shughulikia flashi zilizomo kwenye bahasha. Ukiwa bado kwenye Linux, zichomeke moja baada ya nyingine, nakili nyaraka kwa kanuni ileile, kisha zifomati. Pasiwe na flashi inayosamehewa kwa sababu ni ya mwenyekiti.

6. Futa diski nzima na uweke mfumo upya. Zima kompyuta, toa diski ya nje, kisha iwashe kupitia flashi ya Windows. Unapofika mahali pa kuchagua sehemu ya kuweka mfumo, futa sehemu zote za diski ile, C na D, ndipo uendelee. Kabla ya kubonyeza, hakikisha kwa macho yako kwamba nyaraka zimo kwenye diski ya nje na zinafunguka kwenye kompyuta nyingine. Hatua hii hairudi nyuma.

7. Sasisha kabla ya kurudisha. Ruhusu Windows ipakue masasisho yake yote na uhakikishe kinga-virusi inafanya kazi. Hapo ndipo unapochomeka diski ya nje, unaikagua kwa kinga-virusi, na kurudisha nyaraka. Programu nyingine zipakue upya kutoka kwa watengenezaji wenyewe.

8. Badilisha nywila. Fanya hivyo kwa barua pepe, huduma za kibenki na mitandao ya kijamii, ukitumia kompyuta iliyokwisha kusafishwa au nyingine iliyo salama. Nywila iliyoandikwa wakati kirusi kipo ichukuliwe kuwa imekwisha kuonekana.

Folda zikitoweka kwenye flashi

Wananchi wengi huleta malalamiko yanayofanana na haya: flashi imechomekwa mahali, na ilipofunguliwa tena folda zote zimegeuka njia za mkato zisizofungua kitu. Mara nyingi nyaraka hazijafutwa, bali zimefichwa. Usibonyeze njia hizo za mkato, kwa kuwa ndizo zinazoamsha kirusi. Kwenye kompyuta yenye kinga iliyosasishwa, kagua flashi kwanza. Kisha fungua dirisha la amri na uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukibadilisha herufi E iendane na herufi ya flashi yako. Folda zitaonekana tena. Nakili nyaraka, kisha ifomati flashi.

Kinga baada ya kupona

Mlango mkubwa wa virusi hivi ulikuwa uwezo wa Windows za zamani kuendesha programu za flashi pindi tu inapochomekwa. Windows 7 iliondoa tabia hiyo kwa flashi, na mwezi Februari 2011 Microsoft ilitoa sasisho lililofanya vivyo hivyo kwa Windows XP na Vista. Mlango uliobaki ni mkono wa mtumiaji mwenyewe anayefungua asichokijua.

Mlango mwingine ni mifumo iliyokwisha muda wake. Microsoft iliacha kuisasisha Windows XP tarehe 8 Aprili 2014 na Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Mwenye kompyuta isiyoweza kubeba Windows mpya anaweza kutumia Linux pamoja na LibreOffice, ambayo ni ya bure na hufungua nyaraka za Word na Excel.

Unapokwenda steshenari kuchapa au kutoa nakala, tumia flashi maalumu kwa kazi hiyo, yenye waraka mmoja unaouhitaji siku hiyo. Ukirudi, ikague kabla ya kuifungua. Wenye steshenari nao tunawasihi wasasishe kinga zao, kwani kompyuta moja ya biashara hugusa flashi za kata nzima.

Hifadhi nakala tatu za kila kumbukumbu muhimu: moja kwenye kompyuta, ya pili kwenye diski ya nje isiyokaa imechomekwa, na ya tatu mahali pengine kabisa, kama vile kwenye hifadhi ya mtandaoni au kwa mwanachama mwingine anayeaminika. Tukumbuke kuwa orodha za wanachama zina majina, namba za simu na namba za vitambulisho vya watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawataka wanaotunza taarifa za watu wazilinde, na wanachama wenyewe wana haki ya kulitarajia hilo.

Kikundi kile kiliishia wapi

Afisa TEHAMA alifuata hatua hizi kwa siku moja na nusu. Kwenye bahasha ziliingia flashi tano, na nne kati yake zilikuwa na kirusi. Katiba, orodha ya wanachama na mihtasari ilipatikana yote. Jedwali la hesabu lilipatikana pia, isipokuwa marejesho ya wiki tatu za mwisho, ambayo hayakuwa yamehifadhiwa kompyuta ilipogoma. Marejesho hayo yalikuwemo kwenye daftari la mkono ambalo mhazini hakuacha kuliandika hata baada ya kikundi kununua kompyuta, ingawa wenzake walikuwa wakimtania kwa hilo. Yaliandikwa upya mchana mmoja, na maombi yakawasilishwa kabla ya dirisha kufungwa.

Kwa kuwa kompyuta ilikuwa ya zamani na ilitumia Windows 7, wanachama walikubali kuwekewa Linux. Mhazini alieleza kuwa ilimchukua wiki moja kuizoea. Daftari lake bado analiandika, na sasa hakuna anayemtania.

Mwananchi au kikundi chenye tatizo linalofanana na hili anashauriwa kufika kwa mtendaji wa kata yake, ambaye atampa maelekezo ya kukifikia Kitengo cha TEHAMA cha halmashauri. Anapokuja, aje na kompyuta pamoja na chaji yake, na aje na flashi zote, ikiwemo ile iliyosahaulika kwenye droo.